Mpira wa dola 5, daluga za babu, na makumbusho ya michezo: nani anaamua tumkumbuke nani?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Babu yangu mzaa mama alicheza mpira Tanga, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 hadi baada ya uhuru. Winga wa kulia. Alipotundika daluga alizitundika kwelikweli: msumari kwenye boriti ya chumba chake, daluga zimening'inia kwa kamba zake zenyewe, ngozi imekauka mpaka imejikunja mbele, na chini vijiti vya ngozi vilivyopigiliwa kwa misumari midogo. Tukiwa watoto tuliruhusiwa kuzigusa siku ya Idi tu. Klabu yake nayo ilikuwa na kabati la vioo, ndani vikombe, picha za timu, na kengele ya shaba ambayo sikuwahi kujua ilikuwa ya nini.

Babu alipofariki tulipaka nyumba rangi. Mafundi walizoa takataka, na daluga zikazolewa nazo. Hakuna aliyesema neno. Miaka michache baadaye nikapita klabuni: kabati halipo. Nikaambiwa ofisi ilihama, picha zililiwa na mchwa, vikombe haijulikani vilipo. Klabu siitaji, maana kosa la kwanza lilifanyika nyumbani kwetu.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kuhusu makumbusho ya michezo kila nipatapo nafasi, na nimefika mahali nataka kusema jambo moja. Kabati la vikombe si pambo. Ndilo linaloamua nani alikuwepo na nani hakuwepo.

Jambo lenyewe ni la kale. Kule Olympia, Ugiriki, ndani ya hekalu la Hera ilitunzwa diski iliyoitwa ya Iphitos, na juu yake maneno ya mapatano ya kusitisha vita wakati wa michezo yameandikwa kwa kuzunguka duara. Msafiri Pausanias aliandika habari zake katika karne ya 2, zama ambazo wageni walikuwa tayari wanakwenda Olympia kutazama sanamu za washindi waliokufa karne nyingi kabla yao.

Lakini mfano utakaotufaa zaidi ni wa kijiji kimoja cha Marekani, Cooperstown, jimbo la New York.

Mwaka 1905 iliundwa tume ya kutafuta asili ya besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Aliyeisukuma ni Albert Spalding, mchezaji wa zamani aliyekuwa tajiri kwa kuuza vifaa vya michezo, na alitaka sana mchezo huo uonekane wa Kimarekani, usiwe mtoto wa michezo ya Kiingereza. Ikaja barua ya mzee mmoja, Abner Graves, akidai kwamba mwaka 1839 alimwona Abner Doubleday akiubuni mchezo pale Cooperstown. Tume ikaikumbatia, na mwisho wa 1907 ikatoa hukumu yake. Sasa tazameni: mwaka 1839 Graves alikuwa mtoto wa miaka 5, na Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Doubleday alikuja kuwa jenerali, akafariki 1893, akaacha maandishi mengi. Hakuna hata moja alimodai kwamba alibuni besiboli.

Katikati ya miaka ya 1930 ukapatikana mpira mkuukuu ndani ya sanduku, katika nyumba ya shamba karibu na kijiji hicho. Mpira wa kushonwa kwa mkono, umepasuka, matambara yanachungulia. Watu wakasema ni wa Doubleday. Akaununua Stephen Clark kwa dola 5. Huyu Clark ni wa familia iliyotajirika kwa cherehani za Singer, hizi hizi ambazo mafundi wetu wamezikalia barazani tangu enzi za babu zetu. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, kijiji chake kinahitaji wageni. Mpira ukawekwa kwenye kioo, vitu vingine vikaongezwa, na tarehe 12 Juni 1939 makumbusho na ukumbi wa magwiji vikafunguliwa kuadhimisha miaka 100 ya tukio ambalo halikutokea.

Makumbusho yenyewe leo yanakiri kwamba habari ya Doubleday ni ngano, na mpira ule bado wanauonyesha. Nimeufikiria sana mpira huo. Kitu cha dola 5 kikipewa kioo, taa na maandishi, kilitosha kuwapa watu wa nchi nzima mahali pa kwenda kuhiji.

Na upande wa pili ni huu. Magwiji 5 wa kwanza walichaguliwa mwaka 1936: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Wote Wazungu, kwa sababu ligi kuu zilikuwa zimewafungia mlango wachezaji weusi tangu karne ya 19 kwa makubaliano yasiyoandikwa popote, mpaka Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Walicheza katika ligi zao wenyewe, viwanja vikajaa, na kabati halikuwa na nafasi yao. Mtoto aliyepelekwa Cooperstown mwaka 1950 alitoka pale akiamini kwamba mtu mweusi ameanza kucheza besiboli juzi. Hakuna aliyemdanganya kwa mdomo. Kabati lenyewe lilisema.

#2

Mkuu nimekusoma vizuri na pole kwa daluga za mzee. Ila nikuulize kwa heshima: nchi ambayo timu za mikoani zinakosa nauli ya kwenda mechi, hela ya makumbusho itoke wapi? Hao Wamarekani wana matajiri wa cherehani. Sisi tuna nani?

#3 Mleta uzi

Swali zuri mkuu, na jibu lake limo humo humo Marekani, ila si kwa tajiri.

Kansas City, jimbo la Missouri, ndiko Rube Foster alikowakusanya wenye timu za watu weusi Februari 1920 wakaanzisha ligi yao, ndani ya jengo la YMCA. Miaka 70 baadaye, mwaka 1990, wazee waliocheza ligi zile pamoja na wenyeji wachache walianzisha makumbusho yao katika chumba kimoja cha ofisi, eneo la 18th na Vine. Kodi ya pango waliilipa kwa zamu, mwezi huu fulani, mwezi ujao mwingine. Mmoja wao alikuwa Buck O'Neil, aliyewahi kuchezea na kufundisha Kansas City Monarchs. Zamu kama hizo tunazijua, hata VICOBA vya mtaani vinaendeshwa hivyo. Mwaka 1997 ndipo walipohamia jengo kubwa walilomo hadi leo.

Ndani wametengeneza uwanja mdogo wenye sanamu za shaba za magwiji, kila mmoja amesimama kwenye nafasi yake: Satchel Paige anajiandaa kurusha, Josh Gibson amechuchumaa nyuma kudaka. Unapoingia unauona uwanja huo mara moja, lakini huwezi kuukanyaga. Kati yako na wao kuna wavu, ule wa banda la kuku. Inabidi uzunguke historia nzima, miaka ya kulala ndani ya basi kwa sababu hoteli ziliwakataa, miaka ya kula chakula kwa mlango wa nyuma, na mwisho kabisa ndipo njia inakufikisha uwanjani, usimame katikati yao. Wavu huo unamfanya mgeni azuiwe kidogo, kama walivyozuiwa wao. Kwangu hapo ndipo makumbusho yanapoacha kuwa stoo ya vitu vya zamani.

Na kumbukumbu zile zilifanya kazi. Mwaka 1966 Ted Williams, mchezaji mkubwa Mzungu, alipopewa heshima Cooperstown alitumia hotuba yake kuwaombea nafasi wachezaji wa ligi za weusi. Mwaka 1971 wakamkubali Satchel Paige, na mpango wa awali ulikuwa awekwe sehemu ya pembeni, mbali na wenzake. Watu wakapiga kelele mpaka ukaachwa. Mwaka 2006 wakaingizwa watu 17 kwa mpigo, akiwemo Effa Manley, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo, na wote 17 walikuwa wameshafariki. Buck O'Neil jina lake halikupata kura za kutosha. Mzee wa miaka 94 akaenda hivyo hivyo, akapanda jukwaani, akawazungumzia wenzake waliochaguliwa, akawafanya watu washikane mikono na kuimba naye. Akafariki Oktoba mwaka huo huo. Yeye mwenyewe aliingizwa mwaka 2022.

Halafu mwezi Mei 2024 takwimu za ligi za weusi zikaunganishwa rasmi na za ligi kuu. Wastani wa upigaji wa Josh Gibson, yaani sehemu ya zamu zake za kupiga zilizofanikiwa, .372, ukaupita wa Ty Cobb, .367, uliokuwa juu kwa karibu miaka 100. Gibson alifariki 1947. Amevunja rekodi akiwa kaburini miaka 77, kwa sababu kuna watu walihifadhi vipande vya magazeti na karatasi za matokeo wakati hakuna aliyewaomba.

Kwa hiyo mkuu, siombi jengo la vioo. Nasema chumba kimoja na watu wanaopokezana kodi.

#4

Hapa ni jirani yenu kutoka Kenya, niko upande wa Eldoret. Mleta uzi umenigusa. Ukifika Iten, shule ya St Patrick's, ile ya Brother Colm O'Connell aliyekuja kufundisha mwaka 1976 na baadaye akamnoa David Rudisha, utakuta miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa waliopita pale, na majina yao. Hakuna mlango wala tiketi. Wanafunzi wanapita chini ya kivuli cha bingwa wa dunia wakienda darasani. Mimi nilipita nikiwa na miaka 12, baba akanionyesha mti mmoja mmoja. Sijawahi kuingia makumbusho yoyote ikanikaa hivyo.

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Eldoret, asante sana. Hiyo ndiyo maana halisi. Tena mti mchwa hauli haraka kama picha.

Niongeze kisa kimoja ambacho kimenikaa kichwani, kwa wale wanaosema kombe ni bati tu.

Tarehe 9 Agosti 1936, Berlin, mbio za marathoni alishinda Sohn Kee-chung, Mkorea. Nchi yake ilikuwa koloni la Japani, hivyo alikimbia na bendera ya Japani kifuani, kwa jina lililoandikwa Kijapani. Jukwaani aliinamisha kichwa na kuificha bendera ile kwa mche wa mwaloni aliokabidhiwa. Gazeti moja la Korea, Dong-A Ilbo, likachapisha picha yake likiwa limeifuta bendera. Wahariri wakakamatwa, gazeti likafungiwa kwa miezi 9.

Mshindi wa mbio hizo alikuwa ameandaliwa zawadi na gazeti la Ugiriki: kofia ya vita ya shaba ya Wagiriki wa kale, iliyofukuliwa Olympia mwaka 1875. Hakupewa. Kanuni za wachezaji wa ridhaa zilikataza zawadi ya thamani namna hiyo, ikawekwa katika makumbusho ya Berlin, na huko ikakaa miaka 50. Mwenyewe alihangaika kuifuatilia mpaka akakabidhiwa mwaka 1986, akiwa mzee. Mwaka uliofuata Korea Kusini ikaiorodhesha kuwa hazina namba 904 ya nchi. Hebu fikirini, kitu cha Kigiriki, hazina ya Wakorea! Mwaka 1994 akaitoa kwa makumbusho ya taifa lake, kwamba ni ya watu wote.

Sasa angalieni na hiki. London, katika makumbusho ya kriketi ya Lord's, yupo shomoro aliyekaushwa. Mwaka 1936 alipigwa na mpira uliorushwa na Jahangir Khan, akafa palepale, wakamhifadhi pamoja na mpira. Mpaka leo yupo, ana maelezo yake. Sina ugomvi na shomoro. Ila ndege aliyepita uwanjani kwa bahati mbaya siku moja ana kioo chake, na wazee wetu waliocheza miaka 15 hawana hata orodha ya majina.

#6

Bandugu, mimi niko Lubumbashi, mji wa TP Mazembe, bingwa wa Afrika mara 5, kwa hiyo haya ya kukumbuka na kusahau tunayajua.

Ndaye Mulamba, mshambuliaji wa Zaire, ndiyo Kongo yetu ya leo. Kombe la Mataifa ya Afrika, Misri, 1974. Magoli 9 katika mashindano moja, na hadi leo hakuna aliyeyafikia. Fainali na Zambia ikaisha 2-2, ikarudiwa, tukashinda 2-0, na magoli yote 4 ni yake. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi nyumbani majambazi walimvamia wakidhani amerudi na pesa, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi maisha ya shida Cape Town. Mwaka 1998, kwenye mashindano ya Burkina Faso, uwanja mzima ukasimama kimya dakika moja kwa ajili yake, wakiamini amekufa. Alikuwa hai! Alifariki mwaka 2019.

Mimi nawaambia, mtu ambaye mna picha yake ukutani na anwani yake kwenye daftari hamuwezi kumfanyia msiba akiwa hai.

#7 Mleta uzi

Ndugu wa Lubumbashi, umenitoa machozi. Hicho kisa nilikisikia nusu nusu.

Na kwetu tuna akiba ambayo bado haijapotea yote. John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, ameanguka, goti limefungwa bendeji, anaingia uwanjani usiku akichechemea zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde. Dunia inamkumbuka kwa sababu kamera zilikuwa hazijafungwa. Zingefungwa dakika 20 mapema, tungebaki na mstari mmoja tu kwenye karatasi ya matokeo: wa mwisho. Filbert Bayi, Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, na ameongoza mwanzo mpaka mwisho. Moscow 1980 yeye fedha, Suleiman Nyambui fedha, na hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizowahi kupata. Kijana wa kidato cha pili leo akitaka kusimama mbele ya kitu alichokishika mmoja wa watu hawa, namba ya kifuani, kiatu, chochote, nimpeleke wapi? Nchi inayotunza fuvu la Zinjanthropus lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959 haishindwi kutunza jezi.

Niwe mkweli pia, kujenga si mwisho. Cape Town walifungua makumbusho ya raga mwaka 2013, pale ufukweni V&A Waterfront, mazuri, yakieleza hata habari za wachezaji weusi walionyimwa jezi ya Springbok, timu ya taifa, wakati wa ubaguzi. Mwaka 2019 yakafungwa. Ndiyo maana narudi kwenye chumba kimoja.

#8

Wakuu, nafanya kazi ya kutunza nyaraka, nichangie kidogo kwa wenye vitu majumbani, hasa sisi wa Pwani kwenye joto na unyevu.

Jezi ya zamani usiifungie kwenye mfuko wa nailoni ukaisahau kabatini, inatoa jasho na kuota ukungu. Ifunge kwa shuka ya pamba iliyofuliwa bila kutiwa wanga, weka mbali na jua. Ikiwa na wadudu, hapo ndipo nailoni inafaa: ifunge isipite hewa, weka kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri wiki mbili, itoe, usiifungue mpaka ubaridi uishe na mfuko ukauke kwa nje. Viatu vya ngozi usivijaze magazeti, gazeti lina asidi. Picha andika majina nyuma kwa penseli, taratibu, kamwe si kwa kalamu ya wino. Na vikombe acheni kuvisugua kila mwaka! Kila ukisugua unaondoa fedha, na maandishi yaliyochongwa yanafutika. Nimeshika kikombe ambacho mwaka wake hausomeki tena kwa sababu ya usafi.

La muhimu kuliko yote, simu unayo. Mrekodi mzee akiwa ameishika picha mkononi. Mkono ukigusa sura, jina linakuja.

#9 Mleta uzi

Mkuu wa nyaraka, ubarikiwe. Jana nimefanya ulivyosema.

Nilimfuata bibi, ana miaka 88. Picha moja ilisalia kwa sababu aliificha ndani ya kanga, chini kabisa ya sanduku lake la bati. Wachezaji 11 na viongozi 3, mbele umewekwa mpira ulioandikwa 1962 kwa rangi nyeupe. Nikawasha simu. Mwanzoni alimtaja babu tu, akanyamaza. Nikamwacha. Baadaye akaweka kidole kwa golikipa, akasema huyu alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyeshona kaptula zote hizo, angalia ile ya mwisho kitambaa kilipungua akaunga. Nikakuza picha kwenye simu: kweli, pindo la kaptula ya beki wa kushoto lina kipande cha rangi nyingine. Miaka yote nimeitazama picha hii sikuwahi kukiona.

Ametupa majina 9 ya wachezaji. Nimeyaandika nyuma kwa penseli. Wawili hawakumbuki: aliyesimama wa tatu kutoka kushoto, mrefu, ana alama juu ya jicho la kulia, na aliyepiga goti pembeni ya mpira, amevaa saa. Picha nimeibandika hapo chini. Mwenye wazee Ngamiani, Chumbageni au Makorora naomba awaonyeshe.

#10

Mleta uzi usiifute hiyo picha. Huyo mwenye saa anafanana mno na baba yake mama. Mama yuko Makorora hapa, ametoka sokoni sasa hivi. Anatafuta miwani.